Arosto Ikiisha, Msongo Unabaki

Maneno ya muuguzi wa kliniki ya methadone mbele ya wazazi na walezi, Dar es Salaam

Bwana Mwenyekiti wa mtaa, masheikh na wachungaji mliopo, wazazi wangu, ndugu zangu: asalaam alaykum, Bwana asifiwe. Wale mliotoka zamu ya usiku mkapitiliza moja kwa moja hapa, poleni na kazi.

Mada niliyopewa ni uhusiano wa msongo wa mawazo na uraibu wa dawa za kulevya. Ubaya wa unga, yaani heroini, sitauhubiri. Humu ukumbini wapo walioamka wakakuta televisheni haipo, wiki iliyofuata mtungi wa gesi, na mwisho bati la choo. Watu hao wana la kunifundisha mimi. Nataka nizungumzie kipindi ambacho sote huwa tunakipita haraka kwa sababu ya furaha: kijana amerudi nyumbani. Ametoka soba, nyumba ya kuwasaidia watu kuacha dawa, miezi minne au sita. Amenenepa, uso umerudi, kichwa kimenyolewa vizuri, shangazi amechinja kuku. Wiki ya tatu anabwia, anatumia unga tena.

Hapo ndipo zinapokuja sababu. Hana akili. Karogwa. Kazoea raha. Raha! Mkalisheni chini mtu aliyebwia miaka saba mumuulize mara ya mwisho alipata stimu lini. Atawaambia siku hizi anavuta ili aweze kunyanyuka kitandani, basi.

Mimi sababu ninayoiona ni nyingine. Yule kijana unga umemtoka mwilini, lakini ile sehemu ya ubongo inayosimamia hofu na hatari haijapona, na sisi nyumbani tunaichokonoa kutwa bila kujua. Wengi ninaowaona wakirudia wamevutwa na msongo, na msongo wenyewe mara nyingi umetokea sebuleni kwao.

Nianze na upande ambao hauna ubishi sana, kwamba shida humsogeza mtu kwenye dawa. Mwaka 1998 madaktari wawili wa Marekani, Vincent Felitti na Robert Anda, walichapisha utafiti uliofanyika San Diego. Waliwauliza watu wazima zaidi ya 9,000 yaliyowapata kabla ya kutimiza miaka 18: kupigwa, kudhalilishwa kwa maneno, kuingiliwa kimwili, kumwona mama akipigwa, kuishi na mlevi au mtu aliyewahi kufungwa. Waliopitia aina nne au zaidi za mateso hayo, uwezekano wao wa kuingia kwenye ulevi, dawa za kulevya, sonona au kujaribu kujiua ulikuwa mara 4 hadi 12 ukilinganisha na wale ambao hawakupitia hata moja. Na hao walikuwa watu wenye bima ya afya, wengi wamesoma. Hawakuokotwa vijiweni.

Sisi kliniki tunapojaza fomu ya mgeni, hadithi huwa tunaijua kabla hajaimaliza. Baba alifariki, mama akaolewa kwingine, akapelekwa kwa mjomba, kwa mjomba kulikuwa na mambo ambayo hataki kuyasema, shule ikaishia darasa la sita.

Lakini nisiwadanganye. Watu wengi zaidi wamepitia hayo hayo na unga hawajawahi kuunusa, na wapo waliotoka nyumba zenye kila kitu wakaingia kwa kufuata marafiki. Ili mtu abwie, unga wenyewe lazima uwepo, na pwani yetu upo. Unatoka Afghanistan, unashuka hadi pwani ya Makran huko Iran na Pakistan, unapakiwa majahazini. Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ililikamata jahazi moja nje ya pwani ya Kenya likiwa na zaidi ya tani moja ya heroini. Jahazi moja hilo. Kwa hiyo kijana wa Lamu, wa Mombasa, wa Tanga, wa Unguja na wa hapa Temeke akizidiwa na maisha, dawa ya kumtuliza ameshaletewa karibu kuliko kituo cha afya.

Sasa upande wa pili, ambao watu wengi hawajawahi kuelezwa: dawa yenyewe inatengeneza msongo.

Mwili una mfumo wake wa tahadhari. Ukikutana na hatari, ubongo unapeleka taarifa hadi kwenye tezi zilizokaa juu ya figo, tezi zinamwaga homoni ya kortisoli, moyo unakwenda mbio, usingizi unapaa. Hatari ikipita, unatulia. Heroini inaunyamazisha mfumo huo wote. Ndiyo maana mwenye machungu akivuta mara ya kwanza anakwambia leo ndiyo nimepumua. Tusimbishie, ni kweli amepumua. Tatizo ni kwamba mfumo huu ni kama mbwa wa getini: ukimlewesha kila siku, anajizoesha kubweka kwa nguvu zaidi ili asikike. Siku ukikosa cha kumlewesha, anabwekea hata jani.

Arosto ndiyo hiyo. Saa 6 hadi 12 baada ya kete ya mwisho, yaani kipimo cha mwisho cha unga, inaanza: miayo, machozi, kamasi, vinyweleo kusimama, tumbo kukata, mifupa kuuma, na juu ya yote hofu isiyo na sababu. Siku ya pili na ya tatu ndiyo kilele chake. Baada ya wiki hivi imepungua. Tunapenda kusema ni sumu inatoka mwilini. Sehemu kubwa si sumu hata kidogo, ni mfumo wa tahadhari uliofunguka wote kwa mpigo. Ipo dawa ya zamani ya shinikizo la damu, klonidini. Si jamii ya heroini na haimpi mtu stimu ya unga, lakini inapunguza makali ya arosto kwa sababu inaituliza noradrenalini, ile kemikali inayokufanya ushtuke. Msiinunue wenyewe, inashusha presha ghafla. Nimeitaja ili muone arosto inatoka wapi.

Wazazi wengi wanaihesabu wiki ile moja. Kijana anafungiwa chumbani, wengine wanafunga hata minyororo, anatapika, analia, siku ya nane anakula ugali. Kapona! Ndugu zangu, mfumo wa msongo haurudi kawaida kwa wiki moja. Unachukua miezi. Katika miezi hiyo usingizi ni wa kuokoteza, hasira iko karibu, neno dogo linamchoma kama tusi. Mpira, muziki, pilau ya Idi, havimpi ladha aliyoijua zamani.

Kuna daktari mmoja, Mary Jeanne Kreek, aliyefanya kazi New York na Vincent Dole na Marie Nyswander tangu 1964, walipokuwa wanaianzisha tiba hii ya methadone, dawa anayopewa mraibu badala ya heroini. Yeye aliupima mfumo huo kwenye miili ya wagonjwa. Watu walioacha heroini bila dawa yoyote, mfumo wao bado ulikuwa unashtuka kupita kiasi hata baada ya arosto kuisha. Waliotulia kwenye methadone kwa muda mrefu, ulikuwa umerudi kama wa watu wengine. Mtu akiniuliza kwa nini tunampa mtu methadone miaka badala ya wiki, jibu langu linaanzia hapo.

Baba zangu mnaotabasamu huko nyuma, na ninyi mmo. Mvuta sigara anakwambia bila sigara msongo utamuua. Mwaka 2014 watafiti wa Uingereza walizikusanya tafiti 26 za watu walioacha sigara na walioendelea. Walioacha ndio waliopungukiwa na wasiwasi, sonona na msongo. Ile sigara ya saa nne inatuliza njaa ya nikotini iliyoletwa na sigara ya saa tatu, na mvutaji anaihesabia kwamba imemwondolea mawazo ya kodi.

Haya. Turudi kwa kijana wetu aliyechinjiwa kuku.

Montreal, Kanada, mwaka 1995, Yavin Shaham na Jane Stewart waliwafundisha panya kubonyeza kitufe wapate heroini. Kisha heroini ikaondolewa, panya wakabonyeza weee, hawapati kitu, mwishowe wakaacha. Wiki zikapita. Ndipo wakapigwa shoti ndogo ya umeme miguuni, ya dakika chache tu. Wakarudi kwenye kile kitufe kwa nguvu. Hawakuonjeshwa heroini tena. Hakuna rafiki aliyewashawishi, panya hana kijiwe. Walishtuliwa, basi.

Kwa binadamu, Rajita Sinha wa Chuo Kikuu cha Yale aliwasikilizisha watu waliokuwa wanatibiwa uraibu wa kokeini masimulizi ya mambo yaliyowahi kuwaumiza maishani mwao wenyewe. Kiu ya dawa ilipanda wakiwa wamekaa tu kwenye kiti. Na wale ambao kiu yao ilipanda zaidi, ndio waliorudia mapema walipotoka hospitali.

Ila mfano unaonisumbua kuliko yote ni wa askari wa Marekani waliokuwa Vietnam. Mwaka 1971 serikali yao ilishikwa na hofu, kwa sababu heroini kule ilikuwa nyingi, safi na rahisi. Mtafiti Lee Robins aliwafuatilia waliorudi. Karibu mmoja kati ya watano alikiri kwamba alikuwa mraibu akiwa kule. Watu wakasubiri janga. Halikuja. Katika waliokuwa waraibu, mwaka wa kwanza nyumbani ni kama asilimia 5 tu waliorudi kwenye uraibu, na katika miaka mitatu asilimia 12.

Mfano huu hutumiwa vibaya. Utamsikia mtu akisema, mnaona, ni kuamua tu. Kwanza wengi wao walikuwa wanavuta, si kujidunga, na walivuta kwa miezi, si kwa miaka kumi. Pili, na hapa naomba mnisikilize, wale walipanda ndege. Vita ikabaki kule, na mitaa waliyovutia ikabaki kule, pamoja na kamanda na milio ya usiku. Wa kwetu anatoka soba anapanda daladala, anashuka kituo kile kile, anapita kijiwe kile kile, pusha, muuza unga, anamsalimia kwa jina, anaingia chumba kile kile kinachovuja. Na mlangoni anapokewa na nani?

Anapokewa na sisi. Mama anauhamisha mkoba kutoka kwenye kiti kwenda chumbani. Hasemi kitu, lakini kijana ameona. Dada anawaita watoto ndani. Sukari ikiisha anatumwa mtoto wa miaka tisa, huyu wa miaka ishirini na saba hatumwi. Akichelewa chooni, mtu anagonga. Akisinzia mbele ya taarifa ya habari, wanatazamana. Akicheka sana, kabwia. Akinyamaza, kabwia. Jirani anapita anauliza kwa sauti, "Teja wenu anaendeleaje?" Waswahili wanasema akufukuzaye hakwambii toka. Kila kimoja ni shoti ndogo, na ukijumlisha ishirini za kutwa nzima unapata kijana anayeondoka saa moja jioni bila kuaga.

Naona mama pale anatikisa kichwa. Najua unachotaka kusema, mama: alituibia kweli. Ni kweli. Deni ni deni, na mtu aliyepona anatakiwa kulilipa. Hata vikundi vya watu waliopata nafuu wanafundishana kuomba radhi na kurudisha. Ninachobishania ni wakati. Kuna familia zinaitisha kikao cha ukoo siku ya pili tu baada ya mtu kurudi. Baba wakubwa wanne, shangazi, na mjumbe wa shina, kila mmoja anataja alichoibiwa, tangu redio ya mwaka 2016. Kwa mfumo ule wa mbwa niliousema, hicho kikao ni mvua ya mawe. Subirini miezi. Deni haliozi.

Na mtindo wa kumwekea noti mezani ili kumpima, uacheni. Pesa mkononi, kwa mtu aliyebwia miaka mingi, ni kiamsho chenyewe. Ubongo wake unaijua noti ya elfu kumi ni kete ngapi kabla yeye hajafikiri. Akihitaji nauli ya kwenda kliniki, apewe nauli ya siku hiyo. Akianza kazi, na naomba aanze kazi hata ya kubeba zege, zungumzeni mapema mshahara utakaa wapi. Siku ya mshahara ni siku ya hatari kuliko siku ya msiba.

Kuna jambo jingine ambalo nalisema kila ninapopewa maiki, kwa sababu linaua. Familia inampeleka kijana kijijini, Lushoto au Kilosa, mbali na unga. Wiki sita. Anarudi mjini, anagombana na kaka yake, anakwenda kijiweni na kuchukua kipimo kile kile alichokuwa akitumia zamani. Mwili wake umeshasahau. Pumzi inasimama. Wanaotoka jela na wanaotoka soba ndio walio kwenye hatari hiyo zaidi, hasa wiki za mwanzo. Ukimkuta anakoroma kwa namna ya ajabu, midomo imebadilika rangi, haamki ukimwita na kumfinya, usimnyweshe maziwa, wala usimwagie ndoo ya maji ukasubiri. Mwite mtu mwenye chombo cha usafiri, mlaze ubavu, mkimbizeni hospitali, na semeni ukweli kwamba ametumia heroini. Dawa ya kumrudisha ipo, inaitwa naloksoni, lakini daktari aliyeambiwa "alianguka tu" atapoteza muda akitafuta malaria.

Kuhusu methadone kuna maneno mengi mitaani, kwamba serikali imebadilisha unga kwa unga. Tiba hii ilianza Muhimbili Februari 2011, ikaja Mwananyamala na Temeke, Zanzibar ikaanza 2015 pale Kidongo Chekundu, na sasa imefika hadi Dodoma, Mbeya na Mwanza. Ni bure. Ni dawa ya maji, mgonjwa anaimeza mbele yetu. Heroini inampandisha mtu na kumwangusha mara tatu au nne kwa siku, na kila anapoanguka mfumo wa msongo unalipuka. Methadone inakaa mwilini zaidi ya saa 24, kipimo kikiwa sawa hapandi wala haanguki. Anapata nafasi ya kufikiria jambo lingine. Kwa maoni yangu, hiyo nafasi ndiyo nusu ya tiba.

Ila nayo ina msongo wake, na sisi wahudumu tukubali. Kuja kliniki kila siku ya Mungu ni nauli, ni foleni, na mwajiri gani atakuelewa ukifika saa nne kila asubuhi? Nimeona watu wameacha dozi kwa kukosa nauli ya daladala. Kama mtaa huu unatafuta kitu cha kuchangia, nauli ni kitu kidogo chenye kazi kubwa kuliko mabango ya "Kataa Dawa za Kulevya".

Dada zetu wanaobwia hamuwaoni kwenye foleni yetu, ni wachache mno. Si kwamba hawapo. Mwanamume akirudi anachinjiwa kuku, mwanamke akirudi anaulizwa alikuwa analala na nani. Kwa hiyo harudi, na wala haji kliniki, kwa sababu kliniki kuna wanaume wa kijiwe kile kile aliokimbia. Suala hili linahitaji mkutano wake, na lingefaa lizungumzwe na mmoja wao.

Nimalizie na ninyi wenyewe mliokaa kwenye viti. Mwenye mtoto anayebwia anaishi kwenye msongo miaka, na mwili wake una kortisoli ile ile. Mama hapati usingizi, anasikiliza geti. Presha imepanda. Baba amehamishia makazi baa. Na kuna wale wanaokwenda duka la dawa kununua vidonge vya usingizi, diazepamu, bila cheti. Nisikilizeni vizuri hapa: vidonge hivyo visikae wazi kwenye nyumba yenye mtu wa methadone au wa heroini. Ukivichanganya na dawa hizo, pumzi inazimika taratibu akiwa usingizini. Na wewe mwenyewe, mama, ukivimeza kila usiku mwezi wa tatu sasa, siku ukivikosa utatetemeka. Njoo tuzungumze, mlango wa kliniki ni wa mzazi pia. Kuja haikugharimu kitu, na hatutamwambia mtu yeyote.

Muda wangu umeisha, mwenyekiti ananionyesha saa. Maswali yapo, naona mikono. Tuanze na bibi wa mbele, kisha yule baba mwenye kofia ambaye tangu nilipotaja pesa amekuwa akijikuna kichwa.